Gonga Mbili ni Giza

Cheche alipomaliza kufunga mkanda wa zana kiunoni, mumewe alikuwa bado amepiga goti mbele yake, akivuta kamba za viatu vyake moja moja kuona kama fundo litafyatuka.

"Mtu akipita hapa atadhani unaniomba msamaha," Cheche alisema.

"Acha adhani."

"Basi niombe kabisa, wa leo na wa kesho, nisisumbuke tena."

Mume hakucheka. Alivuta fundo la mwisho, likashika, akainuka huku akijipangusa goti. Hivyo ndivyo walivyoanza kazi kila mara: mke akitania, mume akikagua. Watu walimwita mke Cheche kwa sababu ya umeme, na pia kwa sababu ya ulimi wake. Mume walimwita Ngoja, kwa kuwa neno hilo halikumbanduka mdomoni. Ngoja kwanza. Ngoja niangalie. Hata siku ya ndoa yao, wasema mashahidi, alipoulizwa kama amekubali alianza kwa kuvuta pumzi, na watu wote wakamjibia, "Ngoja."

Hakuona aibu kuitwa mwoga. "Kwa mwoga huenda kicheko," alizoea kusema, na hakuona haja ya kumalizia upande wa pili wa methali, ule wa shujaa na kilio.

"Ndiyo maana nacheka kila siku," Cheche alikuwa akimjibu. "Nimeolewa kwa mwoga."

Walikuwa na karakana ya vyumba viwili. Chumba cha nje, Cheche aliunga nyaya. Chumba cha ndani, Ngoja alipaka rangi, na rangi zile ndizo zilizowapa ugali wao. Hazikuwa rangi za ukuta. Zilikuwa rangi za kaboni, ndugu wa plastiki na wino. Zikipakwa nyembamba kuliko utando wa maziwa juu ya karatasi ya plastiki, katikati ya nyuso mbili zinazopitisha umeme, karatasi ile ikianikwa mwangani hutoa umeme. Watu wa mtaa waliziita karatasi za jua. Zilikuwa laini, unazikunja kama mkeka, na zilikuwa na rangi ya zambarau iliyoiva. Ngoja alijifunza kazi hiyo mwenyewe, kwa kuharibu nyingi na kuuliza sana, na alikuwa na subira nazo kuliko alivyokuwa na subira na watu.

Lakini aliziogopa.

Umeme wa kawaida una swichi. Unazima, unagusa waya, unarudi nyumbani kula. Umeme wa karatasi za jua swichi yake ni jua lenyewe, na hakuna aliyewahi kulizima. Waya ukiukata, karatasi bado inasukuma. Ukilala, ukisahau, ukiwa na haraka, bado inasukuma, maadamu pana mwanga. Siku moja Ngoja aliunganisha karatasi mezani, mkia kwa kichwa, dirisha likiwa wazi, akagusa ncha mbili bila kukusudia. Mkono wake ulijikunja kama wa mtoto anayeng'ang'ania peremende na ukakataa kukunjuka. Cheche ndiye aliyembandua kwa mpini wa ufagio. Mezani zilikuwa karatasi chache tu. Juu ya paa la Mjomba zilikuwa paa zima.

Na leo Cheche alikuwa anapanda paa la Mjomba.

*

Mjomba alikuwa mjomba wa Cheche, mzee wa miche. Alinunua ghala la zamani lenye kuta za tofali, akalivua mabati na kulivika vioo, na humo ndani akaotesha miche ya kuuza: nyanya, kabichi, pilipili, mipapai. Kuta hazikuwa na dirisha hata moja. Mwanga wote ulitoka juu. Walipokuja mara ya kwanza kumbandikia karatasi juu ya kila kioo, aliwazuia mlangoni.

"Mnataka kuizibia miche yangu jua, halafu nile umeme?"

Ngoja alimweleza polepole, kama alivyoeleza kila kitu. "Mjomba, jani kwa nini ni la kijani?"

"Ndivyo lilivyoumbwa."

"Limeumbwa halitaki sana kijani. Linakula nyekundu na buluu, kijani kingi linakirudisha, ndicho unachokiona. Karatasi yangu ni kinyume chake. Yenyewe inakula kijani, nyekundu na buluu inaziacha zipite. Ndiyo maana unaiona zambarau. Kila mmoja ana sahani yake, hawatagombana."

Mjomba alitafakari. "Na hicho kijani kikishaliwa kinakwenda wapi?"

"Kinamrusha mtu kutoka kitini," Ngoja alisema. "Ndani ya rangi kuna chembe ndogo, elektroni, zimetulia kila moja mahali pake. Mwanga ukiingia, moja inarushwa. Kiti kinabaki wazi. Katika paneli zile ngumu za dukani, huyo aliyerushwa anakwenda zake mara moja. Katika rangi hii hawezi. Yeye na kiti chake wanavutana, wanatembea pamoja."

"Kama mimi na huyu," Cheche alidakia.

"Wanatembea pamoja, lakini umri wao ni mfupi kuliko kupepesa jicho, na hawafiki mbali, hata unene wa uzi wa buibui hawaumalizi. Wasipokuta mpaka, anarudi kitini na mwanga umepotea bure, umekuwa joto. Kwa hiyo nachanganya rangi mbili, moja ya kutoa na moja ya kupokea. Nazichanganya mpaka popote atakaporushwa, mpaka uko jirani. Akifika hapo, rangi ya pili inamnyakua. Yeye anakwenda upande wa chini, kiti kinakwenda upande wa juu. Wakitaka kuonana tena, njia iliyobaki ni kuzunguka kwa waya."

"Na huko kuzunguka ndiko umeme."

"Ndiko umeme."

"Kumbe umeme ni talaka," Mjomba alisema.

"Talaka na safari ya kurudiana," Cheche alisema. "Usisahau nauli."

Mjomba alicheka hadi akaketi juu ya debe, na karatasi zikabandikwa. Tangu siku hiyo ghala lile lilikuwa na mwanga wa zambarau. Ukiingia mchana, meno ya Mjomba yanakuwa ya zambarau, maji kwenye ndoo ya zambarau, na miche inaonekana karibu nyeusi, ingawa ilikuwa na afya njema. Juu ya mlango Ngoja alimwekea zawadi: feni ndogo isiyo na betri, yenye karatasi yake moja pale juu, ili mtu anayeingia ghalani apate upepo shingoni.

*

Sasa safu ya kati ilikuwa imekufa kwenye kiungo, feni kubwa za kupoza miche zilikuwa zimesimama, na miche ilikuwa inaungua kwa joto. Walipofika, Mjomba alikuwa mlangoni, amejaa jasho na amejaa fahari.

"Nimeshawafunikia," alisema. "Msipoteze wakati. Lile turubai lenu jeusi panya wamelitafuna, nimelilaza juu ya mbolea. Hili nimelinunua jana, jipya."

Ngoja alitazama juu. Paa zima lilikuwa limevikwa turubai la plastiki la kijani, limefungwa kamba vizuri kila pembe. Lilikuwa linang'aa kidogo juani.

"Ni zito?" aliuliza.

"Mkwe, wewe ingia ndani, kisha uniambie kama unamwona hata aliyekuzaa."

Cheche alikuwa amekwisha kuchukua ngazi. "Turubai ni turubai," alisema. "Twende, miche inakufa."

"Ngoja. Kipimo?"

"Kipimo kiko kwa fundi, unajua." Ni kweli alijua. Kipimo chao cha umeme kilikuwa kimeangukia kwenye ndoo ya maji, na tangu hapo kilionyesha namba ileile hata ukikigusisha ukuta. "Na tangu lini tumekitegemea? Kipimo chetu ni giza."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Huo ndio ulikuwa utaratibu wao, na Ngoja mwenyewe ndiye aliyeubuni. Karatasi hufunikwa. Cheche hupanda, kwa kuwa ni mwepesi, na hulala kifudifudi juu ya ubao uliolazwa juu ya turubai, kwenye pau za chuma, asije akakanyaga kioo, na hupenyeza mikono chini ya pindo la turubai. Ngoja huingia ndani, hufunga mlango na kuangalia. Anainua mkono mbele ya uso wake. Akiviona vidole, bado pana mwanga, karatasi ziko macho. Asipoviona, karatasi zimelala. Hapo hugonga nguzo ya chuma kwa spana mara mbili. Gonga mbili ni giza. Cheche hujibu kwa kugonga mara moja, maana yake nimesikia, naanza. Kwa sababu waliofanya kazi juu na chini ya vioo hawasikilizani vizuri, utaratibu ule uliwafaa, na haukuwahi kuwaangusha.

"Na glavu usivue," alimwambia ngazini.

"Skrubu za kifuniko cha kiungo ni kama mbegu za mchicha. Nitazishikaje na glavu?"

"Cheche."

"Nikisikia gonga mbili, nitavua. Kabla ya hapo, hapana. Umeridhika, mzee wangu?"

Hakuridhika. Lakini alijua kwamba hakuwahi kuridhika, hata siku ambazo hakuna kilichotokea, na mtu hawezi kuiita kila hofu yake habari. Alimshikilia ngazi hadi visigino vyake vikapotea juu, kisha akazunguka ukuta mrefu hadi mlangoni, akaingia, akaufunga nyuma yake.

*

Ndani palikuwa na joto la sufuria iliyofunikwa. Na palikuwa na giza.

Ngoja alisimama kando ya nguzo akangoja macho yazoee, maana giza la mtu aliyetoka juani ni la uongo. Alingoja zaidi ya alivyohitaji. Harufu ya udongo mbichi ilimjaa puani. Aliinua mkono mbele ya uso, akatandaza vidole. Hakuviona. Akausogeza hadi karibu uguse pua. Labda kivuli, labda mawazo. Akatazama juu alipojua vioo vipo, na huko nako palikuwa hafifu mno, weusi wa kahawia kama chai iliyosahaulika jikoni. Kwa turubai jeusi palikuwa vilevile, au karibu na vilevile.

Nje, nyuma ya ukuta wa mbali, mashine ya maji ya Mjomba ilikohoa, ikashika, ikaanza kunguruma. Alikuwa anajaza tangi.

Ngoja alichukua spana akagonga nguzo. Ko, ko.

Kisha kutoka juu: ko.

Amesikia. Anaanza. Sasa anavua glavu, anaziweka ubaoni. Ngoja aliifahamu kazi ile hatua kwa hatua, kana kwamba vidole ni vyake. Anachuna utepe wa plastiki. Anatafuta skrubu za kifuniko, anazitoa, anaziweka mdomoni zisipotee. Anafungua kifuniko. Kisha anashika ncha mbili, moja kila mkono, anazivuta.

Alijipangusa jasho la uso kwa mkono wa shati. Jasho la kisogo aliliacha. Na ni hapo kisogoni alipohisi kitu.

Ubaridi. Mdogo, wa kupendeza, kama mtu aliyesimama nyuma yake anampulizia.

Nywele za mikono zikamsimama. Wazo lake la kwanza lilikuwa la kitoto: kuna mtu humu. Hakugeuka. Alisimama akiusikiliza upepo ule kwa ngozi, unakuja, unaendelea, haukatiki. Mtu hupumzika akivuta pumzi. Huu haukupumzika. Alirudi nyuma hatua moja, akainua mkono juu ya mlango, na ncha ya kidole chake ikapigwa na kitu chembamba kinachozunguka.

Feni.

Akili ya Ngoja ilikuwa ya polepole, na hata sasa haikukimbia. Ilienda hatua kwa hatua. Feni hii haina betri. Nimeifunga mwenyewe. Ina karatasi moja tu, na karatasi hiyo iko chini ya turubai hilihili. Feni inazunguka. Basi karatasi yake iko macho. Basi chini ya turubai kuna mwanga.

Kama kuna mwanga, mbona siuoni?

Turubai ni la kijani.

Alilijua jibu kabla ya kulimaliza. Turubai la kijani linapitisha kijani. Linazuia nyekundu, linazuia buluu, zile ambazo karatasi haizitaki na huziacha zipite hadi chini, zile zinazompa mtu mwanga wa kuhesabu vidole. Kinachobaki ni kijani, na kijani ndicho chakula cha karatasi. Kila kilichopita kwenye turubai, karatasi ilikuwa imekila. Giza hili halikuwa giza la mlango uliofungwa. Lilikuwa giza la sahani iliyolambwa.

Na hata kama turubai lilipunguza mwanga, haikusaidia kitu. Mwanga ukipungua, kinachopungua ni wingi wa umeme. Nguvu ya kusukuma hubaki karibu ileile. Na wingi uliobaki, kwa paa zima, ulitosha kuusimamisha moyo.

"Cheche!"

Sauti yake ilikuwa ndogo tangu kuzaliwa. Mashine ya maji iliimeza kabla haijafika kwenye vioo. Aliita tena, akasikia sauti imegeuka filimbi, kisha ikakatika.

Aligonga nguzo. Ko, ko. Ko, ko. Ko, ko, ko, ko.

Kutoka juu, ko. Moja tu, ya kivivu. Alimjua mkewe, akajua hiyo ko inasema nini: nimekusikia, mwoga wewe, nipe nafasi.

Mkono wa Ngoja uligandia spana. Kila alipogonga alikuwa anamwambia giza. Akigonga mara kumi, anamwambia giza mara tano. Katika utaratibu wake wote, aliouwaza usiku na mchana, aliouona mzuri, aliweka alama ya kusema pako salama, akaweka alama ya kujibu, na hakuweka alama ya kusema nimekosea. Haikumjia kwamba mtu wa kuogopa kama yeye anaweza kukosea.

Aende nje? Ngazi iko upande wa pili, azunguke ukuta mrefu wote, apande, apite pau za chuma. Skrubu zile ni ndogo, lakini vidole vya Cheche ni vyepesi. Pengine ya kwanza imeshatoka. Pengine zote ziko mdomoni.

Alipapasa ukutani palipokuwa na zana za Mjomba. Mkono wake ukagusa reki ya chuma, akaiacha. Hata katika hofu ile aliiacha, kwa sababu ilikuwa ya chuma hadi mwisho. Akapata beleshi lenye mpini wa mti mrefu, akalishika upande wa bamba, mpini juu. Kisha akatembea gizani kuelekea safu ya jirani, kando kidogo ya ulipo ubao wa Cheche, miche ikivunjika chini ya miguu yake, na akausukuma mpini ule juu kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

Kioo kilipasuka. Hakikusita. Vipande vilimnyeshea mabegani na karatasi ya zambarau ikachanika ikaning'inia kama ulimi. Na kupitia tundu lile ukaanguka mwanga.

Ulikuwa wa kijani. Nguzo nene ya mwanga wa kijani, angavu, ilisimama mbele yake kuanzia paa hadi sakafuni, ndani yake vumbi linaelea. Mikono ya Ngoja ilikuwa ya kijani. Damu iliyoanza kutiririka kwenye kiganja ilionekana nyeusi. Aliutazama mwanga ule kama mtu anayetazama nyoka aliyekuwa amelala naye kitanda kimoja.

Juu, turubai lilitikisika. Pindo lake likainuliwa, jua la kweli likapenya, na uso wa Cheche ukatokea kwenye tundu, umekunjwa kwa hasira, skrubu zimebanwa midomoni.

Zote. Zote zilikuwa midomoni.

"We mwanamume umepagawa?" alisema kati ya meno. "Kioo cha Mjomba!"

Sauti ya Ngoja haikuwa imerudi. Aliinua mkono wake wa kijani, akausogeza ndani na nje ya ile nguzo ya mwanga ili auone vizuri. Kisha akaelekeza kidole juu ya mlango, kwenye feni, ambayo sasa iliweza kuonekana, inazunguka bila haraka.

Cheche aliutazama mkono. Akaitazama feni. Macho yake yakarudi kwa mumewe, na Ngoja akauona uso wa mkewe ukibadilika. Hasira ilitoka, na kwa muda hakikuingia kitu kingine mahali pake.

Kisha taratibu sana, kama mtu anayeweka yai juu ya meza, Cheche aliondoa mkono wake wa kushoto mahali ambapo Ngoja hakuweza kupaona.

*

Alishuka ngazi mwenyewe. Ngoja alimkuta ameketi juu ya debe nje ya mlango, skrubu bado zi mdomoni. Alizitema kiganjani, akazitazama.

"Moja nilikuwa nimeshaishika," alisema. "Ile ncha ya kushoto. Ya kulia nilikuwa naifuata."

Ngoja aliketi chini, udongoni. Alingoja mkewe aseme neno la utani, hata la kumtukana. Halikuja, na kukosekana kwake kulimtia baridi kuliko kitu chochote alichokiona ndani.

Mjomba alizima mashine ya maji, akaja anajifuta mikono, akachungulia ghalani. "Kioo changu," alisema. Kisha akawaona nyuso. "Kuna nini?"

Ngoja alimweleza. Sauti ilikuwa imerudi, ndogo kama kawaida. Alipofika kwenye rangi ya turubai, Mjomba alishika kichwa.

"Nimemfunikia mwanangu kifo," alisema. "Kwa pesa yangu mwenyewe."

"Mjomba, ngoja. Turubai nililiona pale mlangoni kwa macho yangu. Na habari ya kijani nilikueleza mimi. Ungeijua wapi wewe? Aliyeijua aliingia ndani, akaona giza, akagonga."

"Na aliyegongewa alikuwa juu ya hilo turubai kwa tumbo lake," Cheche alisema. "Nimelalia kijani, naona kijani, nasema turubai ni turubai. Tuache kugawana kosa. Halitatosha."

Lilikuwa karibu na utani. Ngoja alilipokea kama mtu anayepokea maji.

Walikwenda wote watatu kulivuta turubai jeusi kutoka kwenye mbolea. Lilinuka, na panya walikuwa wametafuna pembe zake. Walilikunja mara mbili palipotoboka, wakalitandika, wakaweka magunia juu ya tundu la kioo. Kabla pembe ya mwisho, ile ya mlangoni, haijafunikwa, Ngoja aliingia ndani. Hakuangalia vidole. Alisimama chini ya mlango, kisogo wazi, akasikiliza. Feni ilizunguka, ikachoka, ikawa inahesabu mapanga yake, ikasimama.

Alitoka akawaambia. "Lakini leo basi," aliongeza. "Tukachukue kipimo kwanza."

"Miche haitafika kesho," Cheche alisema. Hakusema kwa ubishi. "Na mimi nisipopanda leo, sitapanda tena. Najijua." Alimtazama. "Sema ngoja. Leo ukisema, nitangoja."

Cheche hakuwahi kumpa ruhusa hiyo. Ngoja alilitafuta neno lake, lile lisilombanduka, akalikuta limekaa mdomoni tayari. Akalishikilia.

"Tuongeze alama," alisema mwishoni. "Gonga tatu."

"Maana yake?"

"Acha kila kitu. Usiguse. Nimekosea, au umekosea, au sijui. Yeyote anaweza kugonga."

"Jina la hiyo tatu ni ngoja," Cheche alisema. "Nitamkumbuka kwa urahisi."

Ngoja alipiga goti tena akavuta kamba za viatu vya mkewe. Safari hii Cheche hakumtania. Aliweka tu kiganja juu ya kichwa cha mumewe, akakiacha hapo mpaka fundo la mwisho.

Ndani, giza lilikuwa la kweli. Alijua ni la kweli, na mkono wenye spana ulikataa kwenda. Aliusukuma kwa mkono wa pili. Ko, ko.

Mashine ya maji ilikuwa imezimwa, na ghala lilikuwa tulivu kiasi cha kusikia udongo ukinyonya maji. Ko, akajibu Cheche.

Utepe. Skrubu. Kifuniko. Ngoja alihesabu kwa moyo, na moyo haukuhesabu vizuri. Feni haikugeuka. Aliishika kwa kidole ili awe na hakika, akaiachia, akaishika tena.

Ko, ko, ko.

Spana ilimtoka mkononi. Alijigonga kwenye meza ya miche, akaanguka, akainuka na magoti yaliyojaa matope, akafika chini ya tundu, akalisukuma gunia kwa beleshi.

"Nini? Usiguse! Nini?"

Uso wa Cheche ulitokea, kichwa chini, miguu huko kwingine.

"Bisibisi ndogo," alisema. "Nimeiacha kwenye debe."

Ngoja alimtazama.

"Tatu ni ngoja, si ndivyo? Basi nimesema ngoja. Ngoja nipate bisibisi."

Ngoja alitoka akaichukua, akamfungia kwenye ncha ya mpini wa beleshi kwa kipande cha kamba, akaiinua, mpini ukitetemeka hata Cheche akakosa kuishika mara mbili. Mara ya tatu aliishika, na kabla hajalirudisha gunia mahali pake, kicheko chake kilishuka kupitia tundu, kirefu, kinachokatikakatika, kama cha mtu aliyekuwa amekibana tangu asubuhi.

Kisha giza likarudi. Ngoja alisimama chini ya mlango na kungoja. Kisogoni hapakuwa na upepo.